Mwajiri Asiwe Mtunza Fedha Zako

Muhula huu Chama cha Mdahalo kilitoa hoja isemayo ya kuwa ni heri mwalimu wa Kitanzania aende kufundisha ng'ambo kuliko kubaki nyumbani. Ukumbi ulijaa hata wengine wakasimama madirishani. Waliounga mkono walitaja ukubwa wa mishahara. Waliopinga walitaja upweke, baridi na uzalendo. Hoja ikashinda kwa kura nyingi. Mimi sina ugomvi na matokeo hayo. Sisi tunaotaka kuwa walimu twaona wazi ya kuwa wahitimu ni wengi na nafasi ni chache, na tena lugha yetu sasa yatafutwa mbali. Mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza ya kuwa Kiswahili kitakuwa somo la hiari katika shule zake, na mwezi wa Novemba mwaka 2021 UNESCO iliiteua tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kijana akisikia habari hizi ana haki ya kuota.

Lakini lililonishangaza ni hili. Katika saa nzima ya maneno hakuna msemaji hata mmoja, wa upande huu wala wa upande ule, aliyeuliza mshahara huo mkubwa utamfikiaje mwalimu mkononi. Wote walizihesabu fedha kana kwamba zikisha kuandikwa katika mkataba zimekwisha kuingia mfukoni. Kwa kuwa mimi sikupata nafasi ya kusema siku ile, namwomba Mhariri anipe nafasi hapa.

Maoni yangu ni haya. Mwalimu wa ng'ambo haibiwi kwa sababu mshahara wake ni mdogo, wala si kwa sababu ni mjinga. Waliodhulumiwa wengi wana shahada za chuo kikuu. Aibiwa kwa sababu amemwachia mtu mmoja vitu vyote vyake pamoja: kazi, nyumba, pasipoti, deni na akiba. Mtu huyo akiwa mwema, hakuna neno. Akiwa mwovu, au akiwa mwema lakini amefilisika, basi siku moja mwalimu hupoteza vyote vitano kwa pigo moja, naye yuko mahali ambapo hata jirani hamjui.

Chukueni mfano wa Japani. Huko Osaka ilianzishwa mwaka 1981 kampuni ya shule za mazungumzo ya Kiingereza, jina lake Nova. Ilikua hata ikawa kubwa kuliko zote za aina yake katika nchi ile, yenye matawi mamia kwa mamia, wanafunzi zaidi ya 300,000 na walimu wageni zaidi ya 4,000, wengi wao vijana waliotoka Uingereza, Australia, Kanada na Marekani. Wanafunzi walilipa ada ya masomo mengi kwa mkupuo, kabla ya kusoma. Mwezi wa Aprili mwaka 2007 Mahakama Kuu Kabisa ya Japani iliamua ya kuwa namna kampuni ilivyokuwa ikiwarudishia fedha wanafunzi waliojitoa haikuwa halali, na mwezi wa Juni serikali ikaizuia kwa muda wa miezi sita isiuze mikataba mipya ya muda mrefu, kwa kuwa iliwadanganya wateja. Watu wakaogopa. Wapya hawakuja, na wa zamani wakadai fedha zao. Kufika Septemba mishahara ya walimu ilianza kuchelewa, na tarehe 26 Oktoba 2007 kampuni ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Walimu walikuta milango imefungwa.

Kukosa mshahara wa mwezi mmoja au miwili ni jambo zito, lakini mtu aweza kulistahimili. Lililowaumiza zaidi lilikuwa nyumba. Kampuni ndiyo iliyowapangia walimu vyumba, nayo ilikuwa ikikata kodi katika mishahara yao kila mwezi. Kumbe katika miezi ile ya mwisho kodi ilikatwa, lakini wenye nyumba wengine hawakuletewa kitu. Mwalimu aliyeamini ya kuwa amelipa kodi alipata barua ya kumtaka ahame. Fikirini hali yake: hana mshahara, hana nyumba, na kibali chake cha kukaa katika nchi kimefungamana na kazi. Chama kimoja cha wafanyakazi kilianzisha mpango ambao walimu waliwafundisha wanafunzi wao wa zamani, nao wakalipwa kwa chakula. Nimesoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara naona aibu kwa niaba ya watu nisiowajua.

Tena hata mfuko wa wafanyakazi haukusalimika. Baadaye mwanzilishi wa kampuni alishitakiwa kwa kuchukua yen milioni 320 za mfuko wa kusaidiana wa wafanyakazi, akazitumia kurudishia ada wanafunzi waliojitoa. Mahakama ya Osaka ilimhukumu mwaka 2009. Angalieni vizuri: hakuzitumia kwa anasa. Alilipia deni moja la kampuni kwa fedha ambazo hazikuwa za kampuni. Hivyo ndivyo watu wengi wenye kazi kubwa wanavyoanza kuiba. Fedha za mfanyakazi zilizo karibu na mkono wa mwajiri huonekana kama fedha zake, hasa siku ya shida.

Lakini Wajapani nao wastahili sifa kwa jambo moja. Tangu mwaka 1976 wana sheria ambayo kwayo kampuni ikifilisika, mfuko wa umma humlipa mfanyakazi asilimia 80 ya mshahara aliokuwa akidai, hadi kiwango fulani, awe mwenyeji au mgeni. Ni sheria nzuri mno. Walakini mfuko wa namna hii hulipa madai yenye ushahidi, na hapa ndipo penye maana ya methali yetu isemayo mali bila daftari hupotea bila habari. Asiye na hati ya mshahara, wala mkataba, wala daftari la saa alizofundisha, atadai nini na kwa nani?

Najua msomaji mwingine atasema, "Hao walikuwa Wazungu, wana balozi zenye nguvu, na wakishindwa hupanda ndege wakarudi kwao. Sisi je?" Ni swali la haki. Basi na tuwatazame walimu wa Ufilipino, nchi ambayo kama yetu ina walimu wengi kuliko fedha za kuwalipa vizuri.

Kuanzia mwaka 2007 walimu Wafilipino wapatao 350 waliajiriwa katika shule za serikali za jimbo la Louisiana, Marekani, kwa kupitia wakala wa California. Hawa hawakuwa vijana watembezi. Walikuwa walimu wenye uzoefu, na wengi walikuwa na watoto. Kila mmoja alitozwa karibu dola 16,000 kwa jumla, fedha ambazo wengi wao hawakuzipata nyumbani hata kwa miaka kadhaa ya kazi. Hawakuambiwa kiasi chote mwanzoni. Walilipa sehemu ya kwanza, kisha, wakiwa wamekwisha kukopa na wamekwisha kuaga, wakaambiwa kuna sehemu ya pili iliyo kubwa zaidi. Wakakopa tena kwa riba kubwa. Wakala alitaka pia asilimia 10 ya mshahara wao wa mwaka wa pili. Waliolalamika walitishwa kwamba watarudishwa kwao. Kesi ilikwenda mahakamani, na mwezi wa Desemba mwaka 2012 baraza la wazee wa mahakama huko California likaamuru walimu walipwe dola milioni 4.5.

Wala msidhani ya kuwa watu binafsi tu ndio wenye kufanya haya. Mwaka 2011, katika jimbo la Maryland, wilaya ya shule za serikali ya Prince George's ilikubali kuwalipa walimu wageni zaidi ya 1,000 kiasi cha dola milioni 4.2, kwa sababu iliwaachia wao gharama za viza ambazo kwa sheria ya Marekani mwajiri ndiye apaswaye kuzilipa. Ilikuwa mamlaka ya elimu, yenye majengo, bendera na mihuri. Muhuri si dhamana.

Yaliyowapata Wafilipino yanatuhusu sisi zaidi kuliko ya Japani, maana yaonyesha ya kuwa mwajiri hana haja ya kukushika pasipoti ikiwa amekushika kwa deni. Mtu aliyefika kazini akiwa na deni hana uhuru wa kuondoka. Na deni hilo aghalabu halimhusu yeye peke yake.

Hapa naomba ruhusa ya kusema jambo la nyumbani. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alipomaliza chuo cha ualimu alikaa miaka miwili bila ajira, ndipo akapata habari za kazi ya kufundisha katika shule moja ya binafsi ng'ambo. Wakala alitaka fedha nyingi za kumtafutia nafasi. Shangazi hakuwa na fedha, bali alikuwa na mikorosho aliyoachiwa na marehemu mumewe. Akaiweka rehani kwa misimu mitatu. Watu wa kwetu wajua maana yake: mikorosho ni yako, wewe ndiwe unayeipalilia au unayeiona ikipaliliwa, lakini korosho zikidondoka ni za mwingine.

Mwezi wa kwanza binamu alilipwa mshahara wote, na nyumbani tukala pilau. Mwezi wa pili alilipwa nusu, akaambiwa mhasibu amesafiri. Mwezi wa tatu aliambiwa wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa na wiki ijayo yake. Alikuwa akilala katika nyumba ya shule, na pasipoti yake ilikuwa katika sanduku la chuma la mwenye shule, kwa usalama, kama alivyoambiwa. Hakutuambia neno. Shangazi alipoona fedha haziji alidhani mwanawe amelewa na mji, akawa hampokei simu yake. Huo ndio wizi mwingine ambao hauandikwi katika kesi yoyote: mwajiri alichukua mshahara, kisha mama akamhesabu mwanawe kuwa ndiye mwizi. Baada ya miezi saba walimu wenzake walimchangia tiketi akarudi. Msimu uliopita wa korosho ulikuwa wa pili katika ile mitatu.

Sisemi haya ili watu wamwonee huruma. Nayasema kwa sababu nilipouliza wakubwa kwa nini hakuondoka tangu mwezi wa pili, nilijibiwa ya kuwa alifanya vema kuvumilia, maana subira huvuta heri. Mimi, kwa heshima zote, sikubali. Subira ni sifa ya mkulima angojaye mvua, kwa kuwa mvua haina hila. Mwajiri mwongo ana hila, na subira ya mwalimu ndiyo shamba lake. Yeye ajua ya kuwa mtu aliyekwisha kudai mshahara wa mwezi mmoja atangoja ili asiupoteze. Na akisha kungoja, atakuwa anadai miezi miwili, basi atangoja zaidi. Kadiri deni linavyokua ndivyo mwalimu anavyozidi kufungwa, na ndivyo mwajiri anavyozidi kupata kazi ya bure. Kwa hiyo nadhani mshahara ukichelewa mara ya kwanza yafaa mwalimu aulize kwa maandishi, kwa adabu, na aweke nakala. Ukichelewa mara ya pili aanze kutafuta mahali pengine siku ile ile, hata kama ameahidiwa kwa kiapo.

Lakini ili mtu aweze kuondoka ni lazima awe na cha kuondokea, na hapa yanibidi niseme na wazazi, nao waniwie radhi. Twajua mlivyojinyima kwa ajili yetu. Twajua ada, sare na magodoro ya bweni yalitoka wapi. Ni haki yenu kutazamia matunda. Lakini mwalimu aliyefika ng'ambo jana akiombwa leo bati za nyumba, kesho mchango wa harusi, na keshokutwa karo ya wadogo zake, hubaki kila mwisho wa mwezi hana kitu. Asiye na kitu hawezi kumwambia mwajiri hapana. Ningependa kila familia impayo mtoto baraka za safari impe pia miezi sita ya kutoombwa, ili aweke kando nauli ya kurudi na fedha za kula na kulala kwa miezi mitatu. Fedha hizo zikae katika benki ya nyumbani, kwa jina lake mwenyewe. Zikiwepo, hatazihitaji sana. Mwajiri huona upesi mtu ambaye hawezi kumtisha.

Na familia imjengee mazoea ya kusema kweli. Laiti shangazi angalijua mwezi wa pili, angalisikitika, lakini wangalishauriana.

Kuna wasemao ya kuwa sheria za huko hazimjali mgeni. Si kweli kila mahali. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mwaka 1949 Mkataba Na. 95 wa kulinda mishahara, ambao wakataza mshahara usikatwe kwa ajili ya kumlipa mwajiri au wakala malipo ya kupatiwa kazi au kubakizwa kazini, na wataka mshahara ulipwe kwa vipindi maalum. Mkataba Na. 181 wa mwaka 1997 waeleza ya kuwa mawakala binafsi wasimtoze mfanyakazi ada. Mikataba hii huzifunga nchi zilizoiridhia tu, lakini yatupa kipimo: wakala adaiye fedha nyingi kabla hujaona mkataba amekwisha kukuambia yeye ni mtu wa namna gani. Na hapa kwetu wakala wa ajira hana ruhusa ya kufanya kazi bila leseni ya serikali. Mzazi aweza kwenda kuuliza TaESA, yaani ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kabla ya kuweka rehani hata mti mmoja.

Katika Falme za Kiarabu, tangu mwaka 2009, serikali imewataka waajiri wa makampuni binafsi walipe mishahara kwa kupitia benki na nyumba za fedha zilizoidhinishwa, ili wizara ya kazi iweze kuona nani amelipwa na nani hakulipwa. Mpango huo wanipendeza kwa sababu wamwondoa mwajiri katikati ya mtu na mshahara wake. Lakini nao una tundu: mwajiri aweza kupitisha mshahara benki, kisha akaichukua kadi ya mfanyakazi "amtunzie", au akamwamuru arudishe sehemu kwa mkono. Benki itaonyesha ya kuwa amelipwa sawasawa. Kadi ya benki na namba yake ya siri havitunzwi na mtu mwingine, awe mwajiri, awe mwenzako wa chumbani.

Yale niliyosema juu ya nyumba nayo yana ugumu, nakubali. Mgeni mpya hana wa kumdhamini, na mara nyingi nyumba ya shule ndiyo pekee aliyonayo. Basi akae humo, lakini aombe kuona stakabadhi ya kodi, amjue mwenye nyumba kwa jina, na mapema iwezekanavyo apange mwenyewe. Fedha za dhamana zinazokatwa katika mishahara ya mwanzo "ili usitoroke" ni jambo ambalo mimi singelikubali kabisa. Lakini kama mtu hana njia, basi kiasi chake na siku ya kurudishwa viandikwe.

Lipo pia jambo la viza. Wako mawakala wanaomwambia kijana aende kwanza kwa viza ya matembezi, kibali cha kazi kitafuata. Afundishaye kwa viza ya matembezi amevunja sheria kabla mwajiri hajavunja yake, na mwajiri akimnyima mshahara hataweza kwenda polisi bila ya kujishitaki mwenyewe. Tena yapasa kujua kama nchi yenyewe yatoa kibali hicho kwa watu wa taifa letu. Korea Kusini, kwa mfano, kibali cha kawaida cha kufundisha Kiingereza huwapa raia wa nchi saba. Katika Afrika nzima imo Afrika Kusini peke yake. Mtanzania aliyeahidiwa nafasi hiyo kwa malipo ya awali ajue ameahidiwa kisichokuwepo.

Hiyo hiyo Korea yatufundisha hatari ya mwisho wa mkataba, ambayo watu hawaitazamii. Sheria ya huko yampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 30 kwa kila mwaka, na yataka malipo yake yote yamalizwe katika siku 14 baada ya kuacha kazi. Kwa ajili hiyo baadhi ya wenye vituo vya masomo ya ziada wamejulikana kwa kuwaachisha walimu katika mwezi wa kumi na moja, kwa kisingizio hiki au kile, ili mwaka usitimie. Mwajiri wa namna hii ajua pia ya kuwa mwalimu aliyekwisha kupanda ndege harudi kudai. Kwa hiyo mwezi wa mwisho ndio wa kuwa macho zaidi: tarehe ya mkataba kuanza iwe imeandikwa wazi, fedha zilizowekwa huko ziwe zimekwisha kupelekwa nyumbani, na tiketi isikatwe ya siku ya pili baada ya kazi kwisha, ikiwa malipo bado.

Nakala za mkataba, pasipoti, kibali na hati za mishahara zipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa ndugu mmoja nyumbani mwenye akili ya kutunza. Mkataba ukiwa katika lugha mbili, mtu aulize ni ipi itakayofuatwa mahakamani. Aghalabu ni ile asiyoijua. Na kabla ya kutia sahihi, atafute mwalimu aliyekwisha kuacha kazi katika shule hiyo, kuliko yule ambaye bado yumo. Aliyemo huenda simu yake inasikilizwa.

Sisi tulio Kidato cha Nne twafundishwa kwa Kiingereza, na mikataba mingi ya ng'ambo huandikwa kwa Kiingereza; walakini katika miaka minne sijawahi kuona mkataba wa kazi ukiletwa darasani. Tumesoma barua za kuomba kazi, tumeandika barua hizo hata vidole vikauma, lakini barua ijayo baada ya kukubaliwa hatujafundishwa kuisoma. Namwomba Mkuu wa Shule, ikiwezekana kabla ya mitihani ya mwisho, aturuhusu katika vipindi viwili vya Uraia tuletewe mkataba mmoja wa kweli, majina yakiwa yamefutwa, mwalimu wetu atusomee kifungu kwa kifungu, nasi tuulize kila mahali penye neno "mwajiri": hapa ameshika nini changu? Binamu yangu yuko tayari kuutoa wake.